Kifafa cha Mimba na Mashine Inayosikiliza

Nyumbani kwetu kuna picha moja ambayo haijapata kutundikwa ukutani. Imo kabatini mwa mama, ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na vyeti vya kuzaliwa na risiti za kiwanja. Ni kijikaratasi chororo, cheusi, chenye weupe weupe kama ukungu. Ukikitazama kwa muda utaona kichwa, halafu pua, halafu mkono mmoja ulioinuliwa. Huyo ni mtoto wa kwanza wa dada yangu. Ndiyo picha pekee aliyowahi kupigwa.

Dada alikuja nayo Alhamisi moja akitokea zahanati ya binafsi, mimba ikiwa na wiki 31. Nyumba nzima tuliigombania. Mtoto mzima, waliambiwa, mapigo mazuri, wa kiume. Shemeji alikwisha kuchagua jina. Miguu ya dada ilikuwa imevimba hata kandambili hazimwingii, lakini bibi yake shemeji akasema mtoto wa kiume ndivyo alivyo, humlemea mama yake. Jumamosi dada akalalamika kichwa, akasema mbele ya macho yake vinapita vimulimuli. Tukamwambia alale. Jumapili alfajiri akaanguka uani, meno yameumana, mwili mzima unarukaruka.

Nisikuchoshe na yaliyofuata. Jirani mmoja alitaka aitwe mganga, mwingine akaleta bajaji. Wa bajaji akashinda, na ndiyo maana dada yangu yu hai. Mtoto alitolewa kwa upasuaji, akaishi siku mbili.

Sasa, mimi si daktari. Mimi ni mtu wa kuandika hadithi na kuzurura maktaba. Lakini swali moja lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki: mashine iliyoiona pua ya mtoto Alhamisi ilishindwaje kuona kwamba mama yake ataanguka Jumapili? Nimelifuata swali hilo miaka kadhaa sasa, likanipeleka mpaka kwenye matarumbeta ya Uholanzi na boila za Uskoti.

Tuanze na jina. Kwa Kiswahili ugonjwa huu tuliuita kwa kile tulichokiona. Mtu anaanguka, anatetemeka, povu linamtoka; tukauita kifafa, tukaongeza "cha mimba". Jina hili lina ubaya wake. Mtu akisikia kifafa anakumbuka mashetani, na yule mganga wa jirani. Kumbe kuanguka ni ukurasa wa mwisho wa kisa kilichoanza miezi mingi nyuma, kimyakimya, tumbo likiwa bado halijaonekana hata kwenye gauni. Wataalamu wao wanatumia neno eklampsia, linalotokana na Kigiriki, na maana yake ni mwanga unaomulika ghafla. Siku niliyosoma hivyo nilifunga kitabu nikatoka nje. Vimulimuli vya dada yangu vilikuwa vimekaa ndani ya jina la ugonjwa wenyewe siku zote.

Madaktari wa Ulaya nao kwa karne nyingi waliona kuanguka tu. Mwaka 1843 daktari wa hospitali ya Guy's jijini London, John Lever, alipima mkojo wa wajawazito waliopatwa na mitukutiko, akakuta ndani yake protini, kitu cha jamii ya ute wa yai, ambacho mkojo ukichemshwa huganda. Basi ugonjwa ukapata alama ya pili. Alama ya tatu ilisubiri kifaa. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Torino, Italia, akaunda mpira wa kufunga mkononi na kuujaza hewa ili kupima nguvu ya damu, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha kwamba ukiweka kipimo cha kusikilizia moyo chini ya mpira ule, mshipa wenyewe unakutajia namba. Wanawake waliokuwa njiani kuanguka wakaonekana presha zao ziko juu. Hadi leo daktari huanza kushtuka presha ya mjamzito aliyepita wiki ya 20 ikifika 140 kwa 90, hasa ikiandamana na protini kwenye mkojo, au figo, ini ama damu ikianza kuharibika.

Na zahanati zetu nyingi, kusema kweli, zimebaki hapo hapo: mkono, mkojo, na macho ya nesi. Siwabezi. Wanaokoa watu. Ila vipimo hivyo vinakuambia nyumba imeshika moto. Havikuambii nani ameacha kiberiti wapi.

Sasa rudi nyuma mwaka mmoja kabla ya Lever. Tarehe 25 Mei 1842, jijini Prague, mwalimu wa hesabu aitwaye Christian Doppler alisimama mbele ya wasomi wenzake akasoma andiko kuhusu rangi za nyota. Alidai kwamba chanzo cha mawimbi kikikusogelea, mawimbi yanakufikia yakiwa yamebanana. Kikikuacha, yanakufikia yakiwa yameachana. Kuhusu rangi za nyota alikosea mengi, lakini kanuni yake ilikuwa sahihi, na wewe unaijua bila kusoma. Umesimama kituoni, gari la wagonjwa linakuja mbio: king'ora chembamba, kikali. Likikupita tu, sauti inashuka, inakuwa nzito. Dereva hajagusa kitu. Ni mwendo wa gari ndio uliobadili sauti masikioni mwako. Mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot, aliyekuwa na shaka na Doppler, aliwapandisha wapiga tarumbeta juu ya treni karibu na Utrecht, akawapanga wanamuziki wenye masikio makali kando ya reli, treni ikapita huku matarumbeta yanalia noti moja. Wale wa kando wakasikia noti imepanda, kisha imeshuka. Natamani ningekuwapo, bwana.

Kwa hiyo mambo mawili yamezaliwa karibu siku moja: mtu mmoja London amekuta dalili ndani ya mkojo wa mwanamke anayetukutika, mwingine Prague amekuta namna ya kujua mwendo wa kitu kwa kukisikiliza. Yalipishana miaka 140 kabla ya kukutana kwenye mishipa ya mfuko wa uzazi.

Aliyetengeneza njia, bila kukusudia, ni Ian Donald, profesa wa ukunga Glasgow, Uskoti. Wakati wa vita kuu ya pili alikuwa jeshi la anga la Uingereza na alijua habari za rada. Na Glasgow ulikuwa mji wa meli na boila. Viwandani walikuwa na mashine ya kupitisha mawimbi ya sauti ndani ya chuma, sauti nyembamba mno isiyosikika kwa sikio la mtu, ili kutafuta nyufa kabla boila halijapasuka. Donald akajiuliza: kama inaona ufa ndani ya chuma, kwa nini isione kitu ndani ya tumbo? Julai 1955 akapakia kwenye buti la gari uvimbe wa aina mbalimbali uliotolewa kwa upasuaji, akaenda nao kwenye kiwanda cha Babcock & Wilcox kule Renfrew. Wenyeji wakamtengea pande la nyama ya ng'ombe la kulinganishia. Hebu ione picha hiyo: profesa mwenye heshima zake, mafundi wa boila na ovaroli zao, mezani steki na uvimbe wa watu, wote wameinamia kioo kidogo. Siku hiyo ikaonekana kwamba kifuko cha maji kinarudisha mwangwi tofauti na nyama ngumu. Baadaye fundi kijana, Tom Brown, akajiunga naye na kuunda mashine ya kuchora picha, na Juni 1958 Donald, Brown na daktari John MacVicar wakachapisha habari zao kwenye jarida la Lancet. Mmoja wa wagonjwa wao alikuwa mwanamke aliyedhaniwa ana saratani ya tumbo isiyotibika. Mashine ikaonyesha ni kifuko kikubwa cha maji kwenye ovari. Kikatolewa, akapona.

Toka hapo mashine ikawa jicho, na jicho lilipendwa. Nani asiyependa kumwona mwanawe kabla hajazaliwa? Lakini hapa ndipo jibu la swali langu lilipokuwa limejificha. Picha ni ya mtoto. Ugonjwa ni wa mama. Unaweza kuhesabu vidole vyote vya mtoto na usijue lolote kuhusu mabomba yanayomletea damu. (Udogo wa mtoto ungeweza kusema kitu, kama aliyeshika mashine angeupima na kuulinganisha na tarehe. Kwa dada yangu, pale zahanati, ilichukua dakika nne hivi, na nusu yake ilikuwa kutafuta kama ni wa kiume.)

Habari za mabomba zilikuja kutoka kwa watu wa darubini. Mwaka 1967 Mbelgiji Ivo Brosens na wenzake walieleza kile kinachotokea mahali kondo la nyuma linaposhikamana na mfuko wa uzazi. Mfuko huo unalishwa na mishipa midogo iliyojipinda kama skurubu. Mimba ikishika, kondo linachipuza chembe zinazoingia ndani ya mishipa hiyo na kuondoa misuli ya kuta zake. Mshipa uliokuwa mwembamba na mkaidi unalegea, unapanuka kama faneli, unaacha kujibana. Lazima iwe hivyo, maana mimba ikikomaa mfuko wa uzazi unapitisha zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika. Mwaka 1972 Brosens na wenzake wakarudi na upande wa pili wa habari: kwa wanawake wenye presha ya mimba, kazi hiyo ya kupanua mara nyingi ilikuwa haikukamilika. Mishipa imebaki myembamba. Kondo linahangaika kwa damu kidogo, linaanza kumwaga kwenye damu ya mama vitu vinavyochokoza mishipa yake ya mwili mzima, figo, ini, hata ubongo. Ndiyo maana presha inapanda, ndiyo maana vimulimuli. Na ndiyo maana ugonjwa hauna tiba ya kuung'oa isipokuwa kondo litoke, mtoto awe amekomaa au hajakomaa.

Zingatia wakati. Kazi hiyo ya kupanua mabomba inafanyika katika nusu ya kwanza ya mimba. Dada yangu alianguka wiki ya 31, lakini kosa lilikwisha kufanyika wakati bado anaficha mimba yake kwa majirani.

Mishipa hiyo ni midogo mno kuiona vizuri tumboni. Lakini kuisikiliza? Shigeo Satomura wa Osaka, Japani, alikwisha kuonyesha miaka ya 1950 kwamba ukitupa mawimbi ya ultrasaundi kwenye moyo unaopiga, yanarudi yamebadilika kwa kanuni ile ile ya Doppler. Damu inayokukimbilia ni kama gari la wagonjwa linalokuja. Na kuna jambo hapa lilinifurahisha mno: mawimbi yenyewe ni mamilioni ya mitetemo kwa sekunde, sikio haliyasikii kabisa, lakini tofauti kati ya yaliyokwenda na yaliyorudi inaangukia pale pale masikio yetu yanapofanya kazi. Kwa hiyo damu ya mtu unaisikia hivi hivi, inapuma: shwii, shwii, shwii. Mwaka 1977 FitzGerald na Drumm wa Dublin wakaripoti jinsi ya kufuata damu ya mtoto kwenye kitovu kwa njia hiyo. Halafu mwaka 1983 Stuart Campbell na wenzake, wa King's College Hospital, London, wakaielekeza mashine upande wa mama, kwenye mishipa inayolisha mfuko wa uzazi. Lever na Doppler wakakutana hapo.

Walichokiona ni hiki. Fikiria mpira wa kumwagilia bustani umeunganishwa kwenye pampu inayosukuma kwa mapigo. Mwisho wa mpira ukiwa wazi, maji yanaruka pampu ikisukuma, na hata inapopumzika yanaendelea kutiririka. Sasa bana mwisho kwa kidole gumba. Maji yanaruka, kisha yanagota, karibu yasimame. Kwenye kioo cha mashine kila pigo la moyo ni kilima. Mwanamke ambaye mabomba yake yamepanuka, kilima kinashuka taratibu kama mteremko wa barabara, na bonde linabaki juu. Yule ambaye hayakupanuka, kilima kinaporomoka, na mara nyingi mguuni mwake kuna kijipengo, kama jino lililong'oka. Mwanamke mwenyewe anajisikia mzima, presha yake ya kawaida, mkojo safi. Pengo linasema vingine.

Ungedhani kisa kimeishia hapo, lakini wapi. Kujua mapema bila kuwa na la kufanya ni mateso mengine. Tangu miaka ya 1970 watu walikuwa wamenusa kwamba aspirini kidogo, hii hii ya dukani, huenda inasaidia. Mwaka 1994 likatoka jaribio kubwa lililoitwa CLASP, wanawake 9,364, aspirini miligramu 60 kwa siku, na faida ikaonekana ndogo, isiyoweza kutofautishwa na bahati. Wengi wakakata tamaa. Walichokuja kukigundua wengine baadaye, hasa katika uchambuzi wa mwaka 2010 wa Emmanuel Bujold na wenzake, ni kwamba wanawake wengi katika majaribio walianza dawa wakiwa wamechelewa. Ukianza kabla ya wiki ya 16, mabomba yangali yanajengwa, mambo ni tofauti.

Hapo ndipo mashine inayosikiliza ikapata kazi yake halisi. Kypros Nicolaides, mzaliwa wa Cyprus, naye wa King's College Hospital, pamoja na wenzake, wakachukua Doppler ya mishipa ya mama kati ya wiki ya 11 na ya 14, wakaichanganya na presha, historia ya mama, na protini za kondo zinazopimwa kwenye damu. Doppler peke yake inakosa wengi, tusidanganyane. Vikichanganywa, vinawakamata takriban robo tatu ya wale ambao ugonjwa utawalazimisha kuzaa kabla ya wiki ya 37. Kwa wale wa mwishoni kabisa mwa mimba vinakamata chini ya nusu. Mwaka 2017 likatoka jaribio lao la ASPRE. Wanawake zaidi ya 25,000 walipimwa, 1,776 walioonekana wako hatarini wakagawanywa: nusu aspirini miligramu 150 kila usiku mpaka wiki ya 36, nusu vidonge vitupu. Kwa wenye vidonge vitupu, 4.3 kati ya kila 100 walipata ugonjwa huo wa mapema. Kwa wenye aspirini, 1.6.

Usikimbilie duka la dawa, dada msomaji. Nani apewe, kiasi gani na lini, hilo ni la daktari wako.

Najua utaniambia: bwana mwandishi, hayo ya London. Kweli. Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilipendekeza kila mjamzito apate ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, na ni picha ya kawaida tu, haina habari ya Doppler kwa kila mtu. Aspirini kidogo kwa wenye hatari kubwa limeipendekeza tangu 2011. Na kwa anayekwisha kuanguka au aliye ukingoni ipo magnesiamu salfeti, sindano ambazo jaribio la Magpie la mwaka 2002, katika nchi 33, lilionyesha zinapunguza mitukutiko kwa zaidi ya nusu. Dada yangu alipigwa hizo, matako yakamuuma wiki nzima, na simsikii akizilaumu.

Linaloniudhi ni jingine. Tembea mtaani kwetu uone mabango: "Tunapima jinsia ya mtoto." Mashine nyingi za siku hizi Doppler imo ndani tayari. Lakini kuupata mshipa wa mama, kuuelekezea mawimbi kwa pembe inayofaa na kukisoma kile kilima kunataka mtu aliyefundishwa, na aliyefundishwa ni ghali kuliko kitufe. Kwa hiyo tumenunua sikio tukalitumia kama jicho.

Dada alishika mimba tena baada ya miaka mitatu. Safari hii nilimsindikiza mimi, hospitali kubwa ya mjini, wiki ya 12. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, alisikiliza kisa chote bila kumkatiza. Kisha akasema, "Mama, hata nisipokupima kwa mashine, wewe aspirini nitakupa. Historia yako inatosha."

Nilitoka jasho. Maana yake ilikuwa wazi: ile mimba ya kwanza, ndiyo ambayo dada hakuwa na historia. Ugonjwa huu unawapenda sana wenye mimba ya kwanza, na wao ndio hawana kitu cha kuwasemea. Mashine ingemsemea. Au isingemsemea, pengine angekuwa miongoni mwa wale inaowakosa. Sitajua.

Daktari alipima hata hivyo. Akazima taa, akasogeza kile kichwa cha mashine chini kabisa ya tumbo, pembeni, mbali na mtoto. Akafungua sauti. Chumba kikajaa upepo: shwii, kimya, shwii, kimya. Vilima vikapita kiooni. Hakusema ni vizuri wala vibaya, alisema tu, "Tutaonana kila baada ya wiki mbili." Ninapoandika haya dada ana wiki ya 34, na presha yake ya jana ilikuwa 118 kwa 76. Mama yetu hulala na mashine ya presha kando ya mto wake kama bunduki.

Siku ile, kwenye daladala, dada alikaa dirishani ameshika karatasi aliyochapiwa. Mama mmoja wa kiti cha pili akainama, akachungulia, akaona mistari mieupe juu ya weusi, akatabasamu. "Hongera mwanangu. Ndiye mtoto huyo?"

"Hapana mama," dada akamjibu. "Huyu ni mimi."